Unataka migomba na mitende mbele ya nyumba na unakaa kwenye baridi? Pita hapa kabla hujanunua

Mleta mada

Wakuu salaam,

Uzi huu ni wa wale wanaokaa kwenye misimu minne, zile sehemu ambazo miezi mitatu minne ya mwaka unaamka unakuta nyasi zimekua nyeupe kwa jalidi, halafu roho inataka ukifungua mlango uone majani mapana kama uko pwani. Mi ni mmoja wao, mwaka wa saba sa hivi nahangaika na kieneo changu cha mbele, hatua kumi kwa sita hivi, na mimea niliyoua ni mingi kuliko iliyo hai. Sijasomea kilimo, nimesomea hasara.

Mwaka wa kwanza niliingia kitaluni katikati ya kiangazi, wakati ambao kila kitu kimenona, nikabeba kila chenye jani kubwa. Miezi miwili nilikua mfalme, watu wakipita wanapunguza mwendo. Halafu ukaja usiku mmoja tu, tena baridi yenyewe haikushuka sana chini ya sifuri, asubuhi migomba imelala, majani meusi yamelegea kama matambara yaliyosahaulika kwenye beseni. Kuanzia hapo miezi mitano mbele ya nyumba palikua na udongo mtupu na vitu vitatu nimevifunga mashuka meupe vimesimama kama mizuka. Bustani ya nyuma ikikufia unajua mwenyewe, ya mbele mtaa mzima unahudhuria msiba.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja. Mbele ya nyumba chagua kwanza mimea itakayosimama winta nzima bila wewe kuigusa, ibaki na majani, ibaki na umbo. Hiyo ndo mifupa. Migomba na magimbi na vingine vyote vinavyonyauka ni nyama, vinakuja baadaye juu ya mifupa. Wengi tunaanza na nyama.

Na msibabaike sana na mmea umezaliwa wapi. Macho yanadanganywa na vitu vichache tu: jani pana, jani lililopasuka kama vidole, jani la upanga, halafu vitu vibanane hadi udongo usionekane. Mmea uliotoka milimani kwenye theluji ukiwa na jani la hivyo unapita mtihani, na kuna mmea wa tropiki kabisa wenye vijani vidogo vidogo ambao ukiuweka hapo mtu atadhani ni ua wa kawaida.

Mifupa yangu mimi ni hii. Mtende wa Trachycarpus fortunei, asili yake China, majani ya upepeo, shina limevaa nyuzi kama makumbi ya nazi, ukishakomaa unavumilia mpaka nyuzi -15 za Selsiasi hivi kwa muda mfupi. Kama upepo unapiga sana hapo kwako tafuta ndugu yake Trachycarpus wagnerianus, majani yake mafupi na magumu, hayachaniki hovyo. Chini yake Fatsia japonica, hii jamani ni zawadi, jani kama kiganja cha mtu mzima kilichofunguliwa, linang'aa, halipukutiki winta, linakaa kivulini, -10 haliulizi kitu. Halafu Yucca filamentosa, ukiiona utasema mkonge mdogo, inavumilia baridi kushinda zote hizo, hata -25. Msambia nao (Eriobotrya japonica) nimeuweka pembeni, usitegemee matunda kwenye baridi kwa sababu unatoa maua vuli kuelekea winta na jalidi linayamaliza, ila lile jani refu lenye mikunjo linatosha.

Nakuja na migomba, ngoja nipumue.

kijani_kibichi

Mkuu shusha nondo, nimeweka kiti hapa.

Mimi nataka mgomba tu, hayo mengine sina haja nayo. Huu wa kawaida wa ndizi haufai kabisa?

Mleta mada

Haufai mzee, wa kawaida ukiguswa na jalidi mara mbili tatu umekwenda mpaka mizizi. Unaotafuta unaitwa Musa basjoo. Watu wanauita mgomba wa Japani ila asili yake ni kusini mwa China. Jani lenyewe linakufa likigusa sifuri kushuka kidogo kama migomba yote, usidanganywe na mwenye kitalu anayekuambia "huu haufi". Kinachopona ni tunguu lililoko chini ya udongo, likiwa limefunikwa vizuri linavumilia -15 na zaidi, halafu joto likirudi linasukuma upya na kwa msimu mmoja unapata mita mbili mpaka tatu. Ndizi zake sahau, vindizi vidogo vimejaa mbegu.

Mi nafanya hivi. Nasubiri jalidi la kwanza liyachome majani, siyakati kabla. Likishapiga nakata majani yote nabakiza shina kama mita moja na nusu, nazungushia waya wa kuku kwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye shina, najaza majani makavu ya miti mpaka juu, nashindilia kidogo, juu naweka kifuniko mvua isiingie. Kifuniko ndo kila kitu. Mwaka wa pili nilijaza majani nikasahau kufunika, nilipofungua nikakuta uji.

Hapo sasa ndo mjue kitu kimoja: mgomba huo miezi mitano mbele ya nyumba yako utakua pipa la waya lenye takataka. Mi nimeuweka nyuma ya Fatsia makusudi, winta mtu wa barabarani anaona Fatsia, kiangazi mgomba unachomoza juu yake. Huo mpangilio umeniokoa kuliko mbolea yoyote.

dada_mizizi

Mleta mada nakuunga mkono nusu. Mifupa sawa, ila umeandika kama kila mtu anakaa kwenye winta ya kistaarabu. Huku niliko -20 inafika kila mwaka, na mwaka mbaya inapita. Huo mtende wako nilipanda miwili, nikaifunga, nikaweka na taa za kupasha joto, yote ilikufa.

Kwa baridi ya namna hii mtende wa kujaribu ni Rhapidophyllum hystrix, ule wenye miiba mirefu kama sindano kwenye kitako, haurefuki, unabaki kichaka, au Sabal minor ambao shina lake liko chini ya udongo. Yote ya kusini mashariki mwa Marekani. Yucca sawa. Na kuna dungusi kabisa, Opuntia humifusa, inalala winta imenywea na makunyanzi kama imekufa halafu inaamka.

Ila mi siku hizi nimeacha kushindana na mitende. Nacheza na vitu vinavyokufa juu vyenyewe na kurudi vyenyewe. Haibiskasi ya Hibiscus moscheutos, ua moja ukubwa wa sahani, winta inatoweka kabisa, unaweza kudhani imeibiwa, inachelewa kuamka mpaka unakata tamaa halafu ndani ya miezi miwili ina urefu wa mtu. Na ujanja wangu mkubwa ni Paulownia. Ule ni mti wa kawaida mkubwa, lakini kila mwaka mwishoni mwa winta naukata mpaka chini, nabakiza chipukizi moja tu, nguvu yote ya mizizi inaenda kwenye lile moja na unapata majani mapana kuliko sinia. Kwa vile unakatwa kabla haujatoa maua, hautoi mbegu, na hilo ni muhimu maana kuna maeneo unasambaa porini kuwa kero. Angalieni sheria za mnapokaa.

Mleta mada

Dada hapo umenishika, kweli niliandika kwa baridi yangu mimi. Niongezee hapo hapo kwenye hizi namba maana watu wanazisoma vibaya.

Marekani wana ramani ya wizara yao ya kilimo (USDA) inayogawa nchi kwa ukali wa baridi, kanda 13, imehuishwa 2023, kila kanda inapishana na mwenzake kwa nyuzi 5.6 za Selsiasi. Kanda ya 8 ni -12.2 mpaka -6.7, ya 7 ni -17.8 mpaka -12.2. Wanachopima ni wastani wa usiku wa baridi kuliko zote katika mwaka, basi. Haikuambii hiyo baridi inakaa siku moja au wiki tatu, haikuambii udongo umelowa au mkavu, na haikuambii kiangazi kina joto gani. London na Jacksonville ya Florida zote zinaangukia kanda ya 9! Sasa chukua hiyo Sabal minor ya dada, ipeleke London, baridi haitaiua lakini itakaa miaka bila kukua kwa sababu inataka kiangazi cha jasho. Kwa hiyo ukisoma kibandiko cha kitaluni usiishie kwenye namba.

Na maji jamani, maji. Mi naamini mimea yangu mingi imeuliwa na kulowa zaidi ya baridi yenyewe. Mizizi ikilala kwenye tope la nyuzi mbili kwa miezi inaoza taratibu, ukija jalidi linakuta mgonjwa. Udongo wangu ni mfinyanzi, nikaishia kuinua tuta sentimita 30 kwa kokoto na mboji, tangu hapo vifo vimepungua.

Bwana Koleo

Wakuu naomba msaada wa haraka. Mtende wangu Trachycarpus una miaka minne, ulipita winta ukiwa na majani mazuri ya kijani. Jana nikaushika ule mkuki wa katikati, lile jani jipya ambalo halijafunguka, nikauvuta kidogo tu, ukatoka wote mkononi. Chini umekua kahawia, laini, unanuka vibaya. Nimeumaliza?

Mleta mada

Pole mkuu. Umefanya vizuri kuuvuta, wengi wanaona majani ya pembeni ya kijani wanajua mzima kumbe kichwa kinaoza. Mgomba ukifa juu unatoa machipukizi chini, mtende huu una sehemu moja tu ya kuotea, iko ndani kabisa pale katikati, ikifa hiyo biashara imeisha. Ila mkuki kutoka haimaanishi chini kabisa pameguswa.

Toa uchafu wote uliooza bila kuchimba, mimina haidrojeni peroksaidi ile ya 3% ya dukani, itatoa povu, acha ikauke, kesho yake rudia. Funika juu mvua isiingie ila pembeni hewa ipite. Usiweke mbolea. Kuna jani lingine changa pembeni limebaki? Kama lipo chukua kalamu ya wino usiofutika, chora mstari mmoja unaokatiza lile jani changa na ubua wa jirani yake. Mstari ukikatika, yaani upande mmoja ukapanda, mtende unaota. Usipokatika wiki nane za joto, tafuta koleo.

Bwana Koleo

Lipo moja, dogo. Nimechora leo. Mke wangu ananiangalia dirishani.

mzee_wa_kivuli

Mbele ya nyumba yangu panatazama kaskazini, jua linapita juu ya paa, halishuki kabisa. Nisahau?

dada_mizizi

Usisahau baba, kivuli ndo rahisi. Msitu wa tropiki kwa chini ni giza tupu, hivyo tayari una mazingira. Fatsia, makangaga makubwa, hosta za majani mapana, Rodgersia (nayo ya majani makubwa) kama udongo unashika unyevu. Kama baridi yenu haizidi sana -7 kuna kangaga la mti, Dicksonia antarctica, la kule Tasmania, kiangazi unalimwagilia kwenye shina maana shina lenyewe ni mizizi mitupu, winta unashindilia nyasi kavu pale juu kwenye kichwa. Linakua polepole mno na bei yake inahesabiwa kwa kila sentimita ya shina, kwa hiyo usianze nalo.

Chunga konokono tu, hosta kwao ni sherehe.

kijani_kibichi

Si uweke ya plastiki tu mambo yaishe 😂

Mleta mada

Kuna mtu mtaani kwangu kaweka. Jua limeupausha mmoja umekua wa bluu.

Nilisahau kitu kuhusu ukuta. Kwa sisi wa nusu ya kaskazini ya dunia ukuta unaotazama kusini unashika joto la mchana unalitoa usiku, unaweza kupanda hapo kitu ambacho hatua kumi mbele kingekufa. Hewa ya baridi nayo inatiririka kama maji, inashuka mteremko na kutuama kwenye uzio usiopitisha, kwangu kona ya chini kabisa karibu na geti inapigwa jalidi wiki mbili kabla ya sehemu nyingine, nimeiachia Yucca. Ila usigandishe mmea ukutani kabisa, chini ya upenu mvua haifiki, panakua jangwa wakati kote kumelowa.

Na hii ni bustani ya mbele, watu wanapita. Yucca ncha zake kwa mtu mzima ziko usawa wa goti, kwa mtoto usawa wa jicho. Chamaerops, mtende mwingine mfupi, ina miiba kwenye mabua. Vyote hivyo mita moja na nusu kutoka njiani. Na wenye kupenda Tetrapanax, ule wenye majani ya zaidi ya nusu mita, sura yake haina mpinzani, lakini majani machanga yana unga unga wa kahawia, nilipogoa siku moja bila kufunika pua nikakohoa mpaka usiku, na machipukizi yake yalinitokea katikati ya njia mita tatu kutoka shina mama.

nyasi_ndefu

Vipi mbarika? Nimeona picha ya majani mekundu, wanasema unapanda mbegu tu na unarefuka haraka.

dada_mizizi

Unarefuka kweli, mita mbili na zaidi kwa kiangazi kimoja, jalidi linaumaliza, mwaka unaofuata unapanda mbegu tena. Ila mbegu zake zina sumu ya risini, kali, na ni nzuri kwa macho, zina madoadoa kama kupe aliyeshiba, ndo kitu mtoto anaokota. Mbele ya nyumba ambapo watoto wa watu wanapita mi sipandi. Ukipanda basi kata vishada vya maua vyote kabla havijafunga mbegu.

Bora kana. Jani lile lile la kimgomba, mengine yana michirizi ya zambarau, na maua juu.

nyasi_ndefu

Hizo kana na magimbi winta unazifanyaje?

Mleta mada

Magimbi (ukienda kitaluni ulizia Colocasia) na kana nachimbua baada ya jalidi la kwanza kuchoma majani. Nakata mashina nabakiza kiasi cha kiganja, nakung'uta udongo, siyaoshi, naacha yakauke siku kadhaa sehemu yenye hewa. Halafu ndani ya boksi na mchanga wenye unyevu kidogo sana, ukiukamata mkononi usidondoshe maji, sehemu ya giza yenye nyuzi 5 mpaka 10. Kila mwezi nayapapasa, laini linatupwa kabla halijaambukiza wenzake. Kwenye winta nyepesi kana unaweza kuiacha ardhini chini ya matandazo ya sentimita 20, nafanya hivyo nusu kwa nusu, siweki mayai yote kapu moja.

Ensete ile nyekundu, ndugu wa mgomba, ni kazi zaidi, haitoi machipukizi hivyo ukipoteza shina umepoteza mmea. Inaingia ndani, nakata majani yote nabakiza la katikati, naning'iniza kichwa chini maji yatoke, inakaa gereji kavu hadi jua lirudi.

mzee_wa_kivuli

Mbona hamjataja mianzi? Ndo rahisi kuliko yote.

nyasi_ndefu

Mzee usimguse mwanzi bila kuuliza jina. Kuna aina ya Phyllostachys, hiyo inatembea chini kwa chini. Nilikuta nyumba imeshapandwa, aliyehama hakusema. Ulipita chini ya uzio ukatokea kwa jirani katikati ya majani yake aliyoyakata vizuri kama kapeti, mpaka leo salamu yetu ni ya kupungiana mkono kwa mbali. Nilichimba mtaro sentimita 70, nikazika plastiki nene. Kama lazima upande, chukua Fargesia, unakaa kishada kimoja na baridi unaiweza.

Mleta mada

Na Gunnera tinctoria pia, yale majani ya kukaa chini yake mvua ikinyesha. Umoja wa Ulaya uliiweka kwenye orodha ya mimea vamizi mwaka 2017, huko hairuhusiwi kuuzwa wala kupandwa. Nimeiona watu wanaisifia bila kusema hilo.

kijani_kibichi

(wiki tano baadaye) Nimepanda Fatsia mbili na Yucca tatu, na mgomba mmoja nyuma kama ulivyosema. Mgomba umefika kitovuni. Na mgomba wa jirani yangu aliyeufunga winta unafunguliwa lini, maana bado kaufunika mpaka leo na jua hili?

Mleta mada

Mwambie afungue leo, siku ya mawingu kama ipo. Mi nafungua usiku ukishaacha kugusa sifuri, naanza kwa kupunguza majani makavu nusu, wiki moja baadaye yote. Akichelewa na joto hili shina linapikika humo ndani, na chipukizi linatoka jeupe halijui jua ni nini, likitolewa ghafla linaungua.

Bwana Koleo uko wapi na kalamu yako?

Bwana Koleo

Nipo. Wiki tatu za kwanza mstari haukucheza, nilikua natoka kila asubuhi na kikombe mkononi naangalia. Jumapili nikaona kama umepanda nikajua macho. Leo nimepima kwa rula, milimita tisa. Na kwenye lile shimo nililovuta mkuki kumetoka kitu cha kijani, kimekatika juu kama kimekatwa na mkasi, lakini kigumu, nimekivuta hakitoki.

dada_mizizi

Acha kukivuta sasa!